Waziri Mkuu Aliyefia Ukutani

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, Kalamu alikuwa akichota maji nusu ndoo, analoweka kitambaa, kisha anakwenda kuwapangusa vumbi mawaziri wakuu.

Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Shule nzima ilimwita Kalamu kwa sababu ya mwandiko wake, ambao hata walimu walikuwa wakiuazima kila palipotakiwa tangazo la kubandikwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa katika darasa la saba. Darasa hilo ndilo lililopewa kazi ya kutunza ukuta wa varanda, uliokuwa na kichwa cha herufi za bluu: WALIOONGOZA SERIKALI YETU.

Walikuwa tisa, mmoja kila mstari, tangu wa kwanza mpaka aliyekuwa madarakani. Mbele ya kila jina palikuwa na mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka, na safu ya mwisho iliyoitwa HALI. Aliyekuwa hai aliandikiwa YU HAI. Aliyefariki aliandikiwa mwaka. Chini kabisa, kwa rangi nyekundu, palisomeka: WALIO HAI LEO: WATANO.

Mwalimu wa historia aliupenda ukuta ule kama mtu anavyopenda shamba lake. "Msikariri majina kama kasuku," alikuwa akiwaambia. "Hesabuni! Mwaka wa kwanza wa nchi yetu, kiongozi wa serikali aliye hai alikuwa mmoja tu, naye alikuwa kazini. Akipata shida, angemuuliza nani kiti hiki kinauma wapi? Hakuna! Huyu wa leo ana wenzake wanne wa kuwapigia simu."

Gazeti lilikuwa limeupiga picha ukuta huo na kuuchapisha ukurasa mzima. Wakaguzi wa elimu walileta cheti cha pongezi, nacho kilitundikwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, juu ya kabati, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kukiona. Shule nne nyingine, baadhi za mbali, zilinakili kila kitu kutoka gazetini.

Asubuhi ile ya Alhamisi, Kalamu alikuwa amefika mstari wa tano.

"Wa tatu umemruka," alisema mwenzake wa darasani aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa varanda, anakula muhogo. "Kila siku unamruka wa tatu. Ana upele?"

"Nyamaza. Nimempangusa."

"Kwa macho."

Redio alisema ukweli. Kalamu alikuwa haugusi mstari wa tatu.

Miezi mitatu kabla, darasa lilipogawana majina ya kutafutia habari, yeye aliangukiwa na wa tatu. Mzee huyo alikuwa ameongoza miezi mitano tu, zamani sana, halafu akatoweka. Hakuna aliyemzungumzia. Mwalimu alikuwa ametoa amri moja: kila kilichoandikwa kwenye safu ya HALI kitoke kwenye gazeti au kwa mtu anayejua. Kalamu alikwenda maktaba ya mji. Mkutubi akamwambia magazeti ya zamani yanapangwa upya, arudi Alhamisi. Alhamisi kulikuwa na mechi ya netiboli. Hakurudi.

Siku ya kuandika ukutani, mjomba wake, aliyekuwa mchora mabango, alipanda ngazi na kopo lake. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu. "Kalamu, mstari wa tatu hali yake nini? Sema mama, rangi inanikaukia kwenye brashi!" Redio akadakia kutoka chini, "Huyo atakuwa ameshaoza zamani! Angekuwa na miaka mingapi?" Kalamu alikitazama kisanduku kile kitupu kati ya vilivyojaa. Kilionekana kama pengo la jino. Akataja mwaka, wa kwanza uliomjia kichwani. Mjomba akauandika kwa rangi ya mafuta. Jioni, kwenye daftari la vyanzo, Kalamu akaandika kwa mwandiko wake mzuri: gazeti.

Sasa aliinua kitambaa, akakaribia mstari wa tatu angalau Redio anyamaze. Hapo ndipo aliposikia magurudumu.

Mama mmoja mwenye sare ya nesi alikuwa akisukuma kiti cha magurudumu juu ya saruji ya varanda. Ndani ya kiti alikaa mzee mwembamba mwenye koti safi na miguu iliyofunikwa shuka.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema mzee. "Huu ndio ule ukuta wa gazetini?"

"Ndio wenyewe, babu."

"Macho yangu yamechoka. Hebu nisomee."

Kalamu akasoma wa kwanza, akasoma wa pili. Alipofika wa tatu, akasoma jina, akasoma mwaka wa kuingia na wa kutoka, ambao ulikuwa uleule mmoja. Akaishia hapo.

"Endelea. Bado safu ya mwisho."

"Alifariki," alisema Kalamu kwa sauti ndogo, akausoma mwaka.

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa habari za jirani aliyehama. "Miaka kumi na miwili sasa. Na hamkuandika niliugua nini?"

Kalamu alidhani ni utani. Akamtazama nesi. Nesi hakuwa anacheka.

"Baba, usimtishe mtoto."

"Simtishi. Nataka tu kujua kama niliteseka."

Redio, kwa mara ya kwanza maishani, alikosa la kusema.

Nesi aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Dirisha lilikuwa wazi, na kila neno lilitoka nje. Kila baada ya miaka mitano, katika sherehe za taifa, viongozi wote wa serikali waliokuwa bado hai walikusanywa na kupigwa picha moja. Sherehe zilikuwa kesho kutwa, Jumamosi, tena mwaka huu zilikuwa zinafanyika mji huuhuu. Nesi alipopeleka barua ya baba yake ofisi ya wilaya, akaambiwa jina halimo. Orodha ya walio hai ilichukuliwa gazetini, na gazeti liliichukua hapa.

"Wamesema chanzo ni ukuta wenu," alisema nesi. "Ukisahihishwa hapa, na wao watasahihisha."

"Mama yangu, nakuelewa," alijibu Mwalimu Mkuu. "Lakini ukuta huu umekaguliwa. Una cheti. Siwezi kuubadilisha bila barua ya wilaya."

"Wilaya wanataka barua yako."

"Wakiniandikia, nitawaandikia."

"Na baba yangu? Si huyo hapo nje anapumua?"

"Namwona, mama. Tatizo si kumwona."

Nje, mzee alikuwa bado anautazama ukuta asioweza kuusoma. "Waliniita mara nyingi," alimwambia Kalamu. "Kila picha walikuwa wakiniita, sikwenda. Nilikuwa na aibu. Mwisho wakachoka kuniita. Safari hii nimesema, nina miaka themanini na tisa, niende nikaonane nao mara moja. Kuna jambo nataka kumwambia huyu kijana aliyeko kazini." Akageuza uso. "Nani aliwaambia kwamba nimekufa?"

Neno lilikuwa limefika mdomoni mwa Kalamu. Alihisi uzito wake juu ya ulimi. Lakini lililotoka likawa jingine. "Ilikuwa kwenye gazeti, babu."

"Gazeti gani? Ningependa kulisoma."

Kalamu alikodolea macho maji machafu ya ndoo. Nesi akatoka, uso umemvimba kwa hasira asiyokuwa na pa kuipeleka. Akashika mikono ya kile kiti, akamsukuma baba yake taratibu mpaka nje ya geti.

Siku ile Kalamu hakusikia somo hata moja. Alikuwa amesema uongo mara mbili, na ule wa pili ulikuwa umemwelemea kuliko wa kwanza, kwa sababu aliusema huku akitazamana na marehemu wake. Alijiuliza afanye nini, akakosa. Mwalimu Mkuu mwenyewe alishindwa. Nesi alishindwa. Waziri Mkuu mzima, na pumzi zake, alishindwa kuthibitisha kwamba yu hai. Yeye mtoto wa darasa la saba angeweza nini?

Jioni alimkuta mjomba wake akiosha brashi uani.

"Mjomba, rangi ya mafuta inafutika?"

"Kwa msasa na jasho. Kwani umechafua gauni la nani?"

Kalamu akamweleza yote. Mjomba akaacha kuosha.

"Mimi ndiye niliyekuharakisha," alisema.

"Hapana, mjomba. Wewe uliuliza. Ningeweza kusema sijui."

"Ungesema hivyo, ningeruka mstari nikaendelea. Dakika moja tu." Akaikung'uta brashi. "Naweza kwenda kukwangua sasa hivi. Lakini nikikwangua bila mtu kusema kwa nini, kesho watasema mchora mabango kalewa, wataniamuru nirudishie. Kilichobaki hapo hakipo kwenye rangi, mwanangu. Kipo kwako."

Ijumaa asubuhi Kalamu hakuchota maji. Alimsubiri mwalimu wa historia mlangoni mwa ofisi ya walimu, akayasema yote kwa pumzi moja kabla ujasiri haujamkimbia.

"Kwenye daftari uliandika gazeti," alisema mwalimu.

"Nilidanganya, mwalimu."

Mwalimu akakaa chini, ingawa kiti kilikuwa na vitabu. "Nami nikatia saini bila kuuliza gazeti liko wapi. Kwa sababu mwandiko ulikuwa mzuri."

Mwalimu Mkuu alipoambiwa, alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena. "Shule nne zimenakili! Wakaguzi watasema nini? Kile cheti!" Akakielekezea kidole kana kwamba kinaweza kukimbia. Mwisho akaketi, akafuta jasho la shingo. "Nendeni wilayani. Siwazuii. Lakini barua siandiki mpaka waniandikie. Mikono yangu imefungwa."

Wakaenda bila barua. Ofisi ya wilaya ilikuwa na benchi refu, na kwenye ncha ya benchi, tangu saa mbili asubuhi, alikaa nesi akiwa amekishika kiti cha baba yake. Nyuma ya dirisha dogo alikuwa karani wa orodha, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, na saa ya ukutani juu ya kichwa chake ilionyesha saa tano na robo.

"Orodha inafungwa saa sita," alisema karani, kabla hawajamweleza chochote. "Nawaonea huruma, ndugu zangu. Mzee namwona, macho ninayo. Lakini fomu haina mahali pa kuandika nimemwona. Inataka chanzo. Na chanzo kinasema amekufa."

Kalamu akasogea dirishani. Ukingo wa dirisha ulikuwa unamfika kidevuni. "Chanzo ni mimi."

Karani akainama kumtafuta. "Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyetaja mwaka wa kifo. Sikuupata popote. Niliubuni."

"Mwaka mzima utaubuni vipi, binti? Lazima uliusikia mahali."

"Ni mwaka niliozaliwa," alisema Kalamu, na machozi yakamshinda.

Halafu mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika na nesi akampiga mgongo.

"Kumbe tulipishana mlangoni!" alisema.

Karani hakucheka. Alikuwa amefungua fomu na kidole chake kilikuwa kinashuka taratibu. "Sababu ya kosa. Kuna gazeti, redio, ndugu wa marehemu, hitilafu ya uchapaji. Kubuni hakumo."

"Andika pembeni," alisema mwalimu wa historia.

"Pembeni hakuruhusiwi."

"Basi niandike mimi," alisema Kalamu, "nitie saini."

Karani akatazama saa. Akatazama fomu. Akasukuma karatasi nyeupe nje ya dirisha. Kalamu aliiandikia kwenye benchi, akaeleza maktaba, netiboli, ngazi, mwaka na lile neno gazeti. Aliandika mbio kuiwahi saa, na mwandiko ule uliosifiwa shule nzima ukatoka kama nyayo za kuku. Mwalimu akatia saini chini yake. Karani akaisoma, akaisoma tena, akaichukua kwenda nayo chumba cha ndani kupiga simu makao makuu. Akarudi. "Simu ina mtu," alisema. Akaenda tena. Akarudi. "Bado ina mtu."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Hapakuwa na cha kufanya. Wote wanne walikaa wakiukodolea macho mlango.

"Babu, nisamehe," alisema Kalamu.

Mzee alimgeukia. "Unajua kwa nini niliongoza miezi mitano tu?" alimuuliza. "Ulikuwa mwaka wa ukame. Niliuliza maghala ya nchi yana nafaka kiasi gani. Nikaletewa karatasi safi, imejazwa ghala kwa ghala, hakuna kisanduku kitupu hata kimoja. Nikaifurahia. Nikasimama mbele ya wananchi nikasema chakula kipo, msihofu. Kumbe kulikuwa na maghala mawili, kule mbali kabisa, ambayo hakuna mtu aliyekwenda kuyafungua. Aliyejaza karatasi aliona aibu kuacha wazi. Na mimi sikumuuliza kama ameyaona kwa macho yake."

"Yalikuwa na nini?"

"Panya."

"Watu walikufa, babu?"

"Walikufa."

"Wangapi?"

Mzee alimtazama kwa macho yake yaliyochoka. "Hatujui. Waliniletea idadi, wakasema tuitangaze. Nikawauliza nani amehesabu. Hawakujibu. Nikakataa. Nikaandika hatujui, nikatia saini, nikaondoka madarakani. Hicho ndicho kisanduku cha pekee nilichokiacha wazi, na ndicho cha pekee kilichokuwa cha kweli." Akamgusa bega. "Hilo ndilo nataka kumwambia kijana wetu kesho. Wenzangu wale wengine watamfundisha namna ya kufaulu. Wa kumwambia jambo hili nipo mimi tu. Mtu akikuuliza usilolijua, mjukuu wangu, mwambie sijui, kisha uende ukatafute. Aibu yake ni ya siku moja. Hii ya kwangu nimeibeba miaka mingi kuliko umri wa mama yako."

Mlango ukafunguliwa saa sita kasoro dakika nne. Karani alikuwa amevua miwani.

"Wameongeza kiti," alisema.

Nesi alifunika uso kwa mikono miwili.

Jumatatu gazeti lilileta picha. Walikuwa sita. Mzee alikuwa pembeni kabisa, kwenye kiti chake cha magurudumu, na wenzake wote walikuwa wanaitazama kamera isipokuwa mmoja: aliyeko madarakani alikuwa ameinama, sikio lake karibu na mdomo wa yule mzee.

Siku hiyohiyo mjomba alikuja na msasa. Kalamu alikwangua mwenyewe mpaka vidole vikachubuka, halafu mjomba akaandika YU HAI, na chini, kwa rangi nyekundu, SITA. Alama ya msasa ilibaki, baka jeupe lisilofichika. Mwalimu Mkuu alikuja, akalitazama baka hilo muda mrefu. Kisha akarudi ofisini, akapanda juu ya kiti, akakishusha cheti mwenyewe, bila kuagizwa na mtu.

Zilibaki zile shule nne zilizonakili. Kalamu aliziandikia zote barua, akaeleza kosa na nani aliyelifanya. Wiki ya kwanza ikajibu moja. Wiki ya tatu zikajibu mbili. Shule ya nne haikujibu. Akaiandikia tena, akaiandikia mara ya tatu. Mwalimu wa historia aliwahi kuipigia simu, simu ikaita mpaka ikakatika. Ilikuwa mbali sana, siku mbili za safari, na hakuna aliyekuwa na ndugu huko.

"Kwa hiyo huko bado amekufa?" aliuliza Redio mbele ya darasa zima.

"Bado amekufa," alijibu mwalimu. Hakuna aliyecheka. "Hapa tumemrudisha. Wilayani tumemrudisha. Kule mkono wetu haufiki. Watoto wa kule wanahesabu watano, wanafanyia mtihani watano, watakuja kuwafundisha wadogo zao watano. Kalamu alikosea kwa sekunde moja, akajirekebisha kwa ujasiri ambao sisi wakubwa ulitushinda, na bado kosa lake linatembea mahali asipoliona. Ndiyo sababu nawaambia: kabla ya kuandika, uliza. Ukikosa jibu, acha wazi. Aliyeacha wazi anaweza kurudi kesho akajaza. Aliyejaza uongo hajui atarudi wapi na wapi."

Kalamu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachana karatasi nyingine katikati ya daftari, akaandika juu anwani ya ile shule ya nne.